Bwana Shauri, Mkuu wa Wilaya, Kamishna: Safari ya Cheo Kimoja katika Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuchunguza maana na matumizi ya cheo kimoja cha serikali ya Kiingereza kilichotawala maisha ya watu wa Kenya kwa zaidi ya miaka mia moja, yaani District Commissioner, au kama tunavyokiita sote, DC. Kwa sheria cheo hiki hakipo tena nchini Kenya. Hata hivyo, hapa kwetu Boito, katika Konoin, Kaunti ya Bomet, mtu aliyesogezewa mpaka wa shamba lake la chai huambiwa hadi leo, "Nenda kwa DC." Naye huenda, na humpata afisa wa serikali mezani, ingawa bango lililo mlangoni lina jina jingine kabisa.

Suala hili halikunijia kutoka vitabuni. Nilipokuwa nikikusanya masimulizi ya wazee kwa ajili ya kazi ya fasihi simulizi, mzee mmoja alinisimulia kwa Kikipsigis jinsi babu yake alivyoondolewa alikokuwa akilisha ng'ombe. Alisema, disii alikuja, akapiga hema, akatangaza kwamba nchi ile sasa ni ya Mfalme. Nilipoyafasiri masimulizi hayo kwa Kiswahili, niliandika bila kusita: "Mkuu wa Wilaya alikuja." Mhadhiri aliyeisoma kazi yangu alipiga mstari mwekundu chini ya maneno hayo matatu, Mkuu wa Wilaya, akaandika pembeni: "Mwaka gani?" Nilidhani anadai tarehe ya tukio. Nilichelewa kutambua kwamba alikuwa akikihoji cheo chenyewe. Mimi nilikuwa nimemvisha mtu kofia ambayo huenda wakati ule ilikuwa haijashonwa.

Kabla ya DC

Msomaji akumbuke kwamba sehemu hizi za Kericho na Bomet hazikuanza kutawaliwa kutoka Nairobi. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 zilihesabiwa kuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Siku hiyo ndipo zilipohamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Katika himaya hiyo ya mwanzo hakukuwa na Gavana wala DC. Aliyekuwa juu ya wote aliitwa Commissioner, yaani Kamishna. Sir Charles Eliot, aliyetawala kutoka 1901 hadi 1904, alikuwa Kamishna wa himaya nzima. Chini yake walikuwako makamishna wadogo katika mikoa, na katika wilaya alikuwako Collector, maana yake mkusanyaji.

Cheo cha Collector kiliagizwa kutoka Bara Hindi, ambako Waingereza walikuwa wakikitumia tangu mwaka 1772 kwa afisa wa kukusanya mapato ya ardhi. Hakikuficha kitu. Mtu aliyepelekwa wilayani alipelekwa kwanza kudai kodi, nasi tunajua kwamba kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika himaya hii mwanzoni kabisa mwa karne ya ishirini. Jina na kazi vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1905 himaya ilitolewa mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikakabidhiwa Wizara ya Makoloni, na mabadiliko ya 1906 na 1907 yakapanga vyeo upya. Kamishna wa himaya akawa Gavana. Makamishna wadogo wakawa Provincial Commissioners, nao Collectors wakawa District Commissioners. Kwa hiyo mwanafunzi anayekutana na neno "Commissioner" katika waraka wa mwaka 1904 hana budi kujua kwamba anayetajwa ni mtawala wa nchi nzima. Akilikuta katika waraka wa 1914, huenda anayetajwa ni afisa wa Kericho tu. Neno ni lile lile, lakini kati ya wenye kulibeba kuna ngazi mbili.

Aliyetumwa na aliye mkuu

Sasa tuingie katika neno lenyewe. Commissioner ni mtu aliyepewa commission, na asili yake ya Kilatini ina maana ya kukabidhi: mtu fulani amemkabidhi mwingine kazi na mamlaka ya kuitenda. Kwa hiyo, katika undani wake, cheo hiki ni cha mtu wa kutumwa. Mwenye cheo hana mamlaka yake mwenyewe. Nyuma yake daima yupo aliyemtuma, ambaye katika habari hii ni Mfalme wa Uingereza kwa njia ya Gavana.

Kiswahili kinalo shina linalofaa kabisa kubeba maana hiyo, nalo ni -tuma. Tena limekwisha kutumika: commission kwa Kiswahili ni tume, na kila Mkenya anaijua Tume ya Uchaguzi. Ikiwa jopo la watu waliotumwa ni tume, kwa nini mtu mmoja aliyetumwa asiitwe kwa jina la shina lilo hilo? Jibu analo kila msomaji. Jina hilo lipo, ni mtume, na lilikwisha kuchukuliwa na dini karne nyingi kabla Mwingereza hajafika. Hakuna mfasiri ambaye angethubutu kuandika "Mtume wa Wilaya ya Kericho". Waislamu wangekasirika, Wakristo wangecheka, na huenda DC mwenyewe angefurahi kupita kiasi.

Neno mjumbe nalo lilikuwa na vikwazo vyake. Jumbe, katika pwani ya Mrima, alikuwa mtawala wa mji au kijiji, na Wajerumani walipoitawala Tanganyika walimfanya kuwa ngazi ya chini kabisa ya utawala wao, chini ya akida na liwali. Kumwita Mzungu wa wilaya kwa jina linalokaribiana na hilo kungemshusha mno.

Likachukuliwa neno mkuu. Hapa ndipo ninapoona kiini cha mjadala wetu. Mkuu hutokana na kivumishi -kuu, nacho hakimwelekezi msikilizaji kwa mtu mwingine yeyote. Mkuu wa shule ndiye mwisho wa maneno shuleni. Kwa hiyo tafsiri ya Mkuu wa Wilaya ilikata kamba iliyomfunga afisa na aliyemtuma. Kwa Kiingereza alikuwa wakala wa mwingine. Kwa Kiswahili akawa kilele. Sisemi kwamba wafasiri walikosea, kwani Mwafrika aliyesimama mbele ya afisa huyo mwaka 1920 hakumwona Mfalme nyuma yake. Alimwona mtu mwenye askari, daftari la kodi na uwezo wa kufunga watu gerezani. Tafsiri ilisema kweli kuhusu mamlaka yaliyoonekana, na kwa kufanya hivyo ikaficha kweli kuhusu chanzo chake.

Neno wilaya nalo lina lake la kusema. Ni la asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupatia liwali, kutokana na al-wali, mtawala anayemwakilisha Sultani. Nchini Oman hadi leo wilaya husimamiwa na wali. Kwa hivyo, ndani ya "Mkuu wa Wilaya" amelala liwali mzima, naye ni mtu wa kutumwa! Pwani ya Kenya vyeo hivi viwili viliishi bega kwa bega, kwa kuwa mkataba wa 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar uliacha maliwali, makadhi na mamudiri katika ukanda wa maili kumi. Mombasa palikuwa na Liwali na palikuwa na DC, na mwenye shida ilimbidi ajue yupi amwendee kwa jambo lipi. Huku bara hatukuwa na tatizo hilo. Aliyekuwako alikuwa mmoja.

Bwana Shauri

Hata hivyo, Mkuu wa Wilaya ni jina la maofisini na la vitabuni. Watu wenyewe walikuwa na lao. Tanganyika, tangu enzi za Wajerumani na kuendelea katika enzi za Waingereza, afisa wa wilaya aliitwa Bwana Shauri. Jina hili halikutafsiri chochote. Aliyelibuni hakutazama barua ya uteuzi ya afisa. Alitazama anachofanya kuanzia asubuhi hadi jioni.

Shauri ni neno pana. Shina lake la Kiarabu linahusu kutaka maoni ya wengine, na ndilo lililotupa shauriana, ushauri na mshauri. Lakini katika Kiswahili neno hili limezaa zaidi ya hapo. Shauri ni jambo la mtu, ndiyo maana tunasema "shauri lako". Shauri ni sababu. Shauri ni kesi pia, na mahakama za Tanzania zingali zinaandika "shauri la madai". Afisa wa wilaya wa kikoloni alikuwa na mamlaka ya hakimu pamoja na ya mtawala, akisikiliza asubuhi kesi za mifugo, mahari na mipaka, na mchana akidai kodi. Wazungu wenyewe walilichukua neno hili, wakalitia katika Kijerumani na Kiingereza chao cha huku, pamoja na baraza. Ni nadra mtawala kuazima kutoka kwa mtawaliwa jina la kazi yake mwenyewe.

Lipo jambo moja linalonivutia hapa kama Mkipsigis. Wakipsigis hawakuwa na machifu kabla ya ukoloni. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na kokwet, baraza la majirani, na mwenye kusifika kwa busara ya kuamua aliitwa kirwogindet, jina linalotokana na kitendo cha kuamua kesi. Serikali ilipoanza kuteua viongozi wa vijiji kwa sheria ya 1902, na baadaye machifu, lugha yetu haikuwatafutia jina jipya. Iliwaita kwa jina la mwamuzi. Mswahili wa Tanganyika na Mkipsigis wa Buret, bila kushauriana, walimpa mtawala mgeni jina la hakimu. Tofauti ni kwamba kirwogindet wa kale alisikilizwa kwa sababu watu walimwamini, ilhali chifu alisikilizwa kwa sababu DC alikuwa nyuma yake.

Kutaja majina kwenda upande wa pili kulikuwa na madhara makubwa zaidi. Wakoloni walipotaka kuwahamisha viongozi wa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis, walitunga mwaka 1934 sheria ya kuwaondoa "malaiboni", na familia hizo zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Laiboni ni neno la Kimaasai. Kwetu aliyekusudiwa anaitwa orkoiyot. Ukoo mzima ulihamishwa kwa sheria ambayo hata jina lao haikulitaja kwa lugha yao.

Ya Zanzibar

Ili tusidhani kwamba mambo haya ni ya bara peke yake, na atupie msomaji jicho Zanzibar. Huko afisa mkuu wa Uingereza alikuwa kwanza konseli, na watu walimwita Balozi. Mwaka 1913 mambo ya Zanzibar nayo yalihamishiwa Wizara ya Makoloni, na baada ya hapo afisa huyo akapewa cheo cha British Resident. Resident, kwa maana ya juu juu, ni mkazi. Kilikuwa cheo cha Bara Hindi tena, cha Mwingereza anayekaa karibu na mfalme wa kienyeji ili "kumshauri". Wazanzibari hawakujisumbua kumwita Mkazi. Waliendelea kumwita Balozi, hali kazi ya ubalozi ilikuwa imekwisha na iliyobaki ni ya utawala. Neno balozi lenyewe limesafiri kutoka Venice, likapitia kwa Waturuki na Waarabu. Hapa Kiswahili kilifanya kinyume cha kilichofanya bara: kiliendelea kumwita mjumbe mtu ambaye sasa alikuwa mtawala.

Baada ya uhuru

Tanganyika ilipopata uhuru iliwaondoa ma-DC wa kikoloni, na mwaka 1962 ikaweka watu wa siasa badala yao. Kwa Kiingereza cheo kikabadilishwa kuwa Area Commissioner, ili kionekane kipya. Kwa Kiswahili kiliendelea kuwa Mkuu wa Wilaya. Mwananchi asiyejua Kiingereza hakupata fununu yoyote kwamba pana cheo kilichokufa na kingine kilichozaliwa. Baadaye Kiingereza kikarudi kwenye District Commissioner, na Kiswahili, kilichokuwa kimekaa kitako muda wote huo, hakikuhitaji kurudi popote.

Kenya ilikibakiza cheo na herufi zake mbili. Alibadilika mwenye kutuma: mahali pa Mfalme akakaa Rais. DC wa Kenya huru aliongoza baraza za sikukuu za kitaifa akiwa na kofia yake ya kaki, akasimamia uchaguzi, ukiwemo ule wa mlolongo wa 1988, na kuanzia 1983, chini ya mpango wa kuzielekeza shughuli za maendeleo wilayani, akawa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya wilaya. Bomet ilipomegwa kutoka Kericho mwaka 1992, alama ya kwanza ya wilaya mpya ilikuwa kupata DC wake. Watu walihesabu hadhi yao kwa umbali wa kwenda kwake.

Kwa upande wa sarufi, herufi hizi zimeingia katika ngeli ya A-WA bila matata: DC amekuja, ma-DC wamekuja. Wingi wake ni wa ma- kama wa mabwana na makarani, jambo la kawaida kwa majina ya vyeo yaliyokopwa. Matamshi yanatofautiana. Kikalenjin hakitenganishi d na t kifonimu, kwa hivyo mzee wa Boito akisema "Tisi" hajakosea. Amelitia neno katika fonolojia yake. Bwana DC ndilo lilikuwa jina la heshima, nalo lilileta ugumu wanawake walipoteuliwa. Mkuu wa Wilaya halikuwa na tatizo hilo, kwa sababu mkuu halina jinsia. Siku hizi, hata hivyo, vijana wa mijini wanamwita kila mtu "mkuu", kuanzia makanga hadi muuza simu, nami sina hakika kama neno hili limepanda daraja au limeshuka.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 17 cha Jedwali la Sita, iliagiza utawala wa mikoa uundwe upya ndani ya miaka mitano ili uafikiane na ugatuzi. Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Kitaifa ya 2013 ikaleta Kamishna wa Kaunti, Naibu Kamishna wa Kaunti, Kamishna Msaidizi wa Kaunti, kisha chifu na naibu wa chifu. Safari hii Kiswahili cha Kenya hakikutafsiri kwa neno mkuu. Kilikopa, kikasema kamishna. Mwaka uo huo wananchi walichagua magavana arobaini na saba. Vyeo viwili vilivyopishana mwaka 1906, Gavana akiingia na Kamishna akitoka, sasa vimekutana katika kila kaunti. Gavana wa Bomet amechaguliwa na watu wa Bomet. Kamishna wa Bomet ametumwa na serikali ya kitaifa. Kwa bahati ambayo sidhani mtunga sheria aliikusudia, maana ya kale ya neno imerudi mahali pake, isipokuwa kwamba mwenye kulisikia kwa Kiswahili hana namna ya kujua, kwa sababu neno la mkopo halioneshi shina lake. Kamishna, kwa Mswahili, ni sauti tu. Linalofanana nalo sokoni ni kamisheni ya dalali.

Kurudi kwa mzee

Mambo haya si ya darasani tu. Wakipsigis na Watalai wamekuwa wakidai haki kuhusu ardhi waliyopoteza ilipogeuzwa kuwa mashamba makubwa ya chai, ambako kampuni za Kiingereza zilianza kuingia katika miaka ya 1920. Madai hayo yalisikilizwa na Tume ya Taifa ya Ardhi, iliyotoa uamuzi wake mwaka 2019, na mwaka 2022 yakafikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Sehemu ya ushahidi wa madai kama hayo ni kumbukumbu za vinywani, na kumbukumbu za vinywani hufika mbele ya wasomaji kwa tafsiri. Mfasiri akiandika "Mkuu wa Wilaya" kwa tukio la mwaka 1905, ametia ndani ya maneno ya shahidi kosa ambalo shahidi hakulitenda. Mpinzani mwenye kumbukumbu za serikali atasema: mwaka huo wilaya hiyo haikuwa na DC, mzee huyu anabuni. Akiandika "kamishna", atasababisha kosa la pili, kwani kamishna wa 1905 alikuwa mtawala wa himaya yote, na si rahisi aje kupiga hema kwenye malisho ya babu wa mtu. Uzito wa tendo nao hubadilika. Mtu wa kutumwa anapomhamisha mwenzake, lawama inapanda hadi kwa aliyemtuma. Mkuu anapofanya hivyo, inaweza kukomea kwake.

Nilirudi kwa yule mzee. Nikamuuliza kwa adabu: "Mzee, huyo disii uliyenitajia, alikuwa ni nani hasa? Alikuwa mkusanya kodi, au afisa msaidizi, au ndiye mwenye wilaya?" Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejiuliza karo ya chuo inakwenda wapi.

"Mwanangu," akasema, "aliyekuja na hema na askari, huyo ndiye disii."

Katika nakala niliyoikabidhi mara ya pili nilifuta "Mkuu wa Wilaya". Nikaandika "disii", kwa herufi ndogo, kama alivyotamka, na chini ya ukurasa nikaeleza kwamba msimulizi hulitumia neno hilo kwa afisa yeyote Mzungu wa serikali katika kipindi cha mwanzo, na kwamba kabla ya 1907 afisa wa wilaya alikuwa na cheo cha Collector. Maelezo yalikuwa marefu kuliko sentensi niliyoifafanua. Mhadhiri hakuyapigia mstari mwekundu. Aliweka alama ya kuuliza kando ya neno "Mfalme".